Kipkemei arap Lang'at, Aliyejua Walichomwita

Ndugu, jamaa na majirani mliopanda hadi hapa Keringet asubuhi ya leo, Jumamosi tarehe 16 Agosti 1958, mimi ni Chelagat, dada mdogo wa marehemu. Familia imenipa kazi ya kueleza maisha ya kaka yetu kwa sababu mimi ni mwalimu, na kwa sababu wazee wanajua sitayapaka asali. Yamo mambo yanayotia kinyaa. Nilishauriwa niyapunguze kidogo kwa heshima ya mahali hapa. Nimejaribu, nimeshindwa.

Kipkemei arap Lang'at alizaliwa Januari 1922, wakati wa kiangazi kikali, katika shamba la setla mmoja wa Kizungu kati ya Njoro na Molo. Alikuwa kifungua mimba wa Mzee Kiplang'at arap Mosonik, aliyeketi hapa mbele, na Mama Tabutany, aliyetangulia mwaka wa 1949. Kipkemei ni jina la mtoto wa kiume aliyezaliwa wakati wa ukame. Bibi yetu ndiye aliyelitamka kwanza. Ni jina safi, halina doa lolote.

Alisoma miaka mitatu, 1931 hadi 1934, katika shule ya misheni iliyokuwa mwendo wa asubuhi nzima kutoka nyumbani. Alijifunza kusoma Kiswahili, kuhesabu, na Kiingereza kidogo cha kitabuni: hii ni kalamu, yule ni ng'ombe, mlango uko wazi. Alikipenda Kiingereza kuliko masomo mengine yote. Jioni alikuwa akiwaambia ng'ombe wa baba kwa Kiingereza kwamba wao ni ng'ombe, na Mama akisema kwamba ng'ombe wameshajua, aje ale.

Mwaka wa 1936 aliitwa kazini. Mwenye shamba, Bwana Pettifer, alikuwa amejenga mabanda ya nguruwe chini ya kilima, na alitaka kijana wa kuyasafisha. Sitaeleza sana kazi ile. Waliowahi kuifanya wanajua jinsi harufu inavyoingia kwenye nywele, kwenye kucha, hadi kwenye mate. Kaka yetu alikoga kila jioni mtoni kabla ya kuingia nyumbani, hata wakati wa baridi ya Julai. Wanyama wale aliwatunza vizuri, na hakuna aliyewahi kusema vinginevyo.

Bwana Pettifer alifika mabandani kila asubuhi na kitambaa puani. Akisimama mbali aliita, "Stinker!" Alipoita alicheka, na kwa kuwa alicheka, Kipkemei naye alicheka akakimbia kwenda kumsikiliza. Hakumwita mtu mwingine hivyo. Wengine wote shambani aliwaita "boi" tu, wazee kwa vijana. Kipkemei peke yake ndiye aliyekuwa na jina, tena la Kizungu. Sisi tulilitamka Stinga. Baba alifurahi sana, akamwambia Mama, "Mzungu amempa kijana jina lake. Hatamfukuza huyu." Watoto wa shambani tulimwonea wivu. Hata mbuzi wetu mmoja tulimwita Stinga Mdogo.

Mwaka wa 1939 alijiandikisha kwa ubatizo. Wakati huo misheni ilidai kila anayebatizwa achague jina la Kizungu. Wenzake walihangaika kutafuta. Yeye alisema, "Mimi ninalo."

Ubatizo ulikuwa Jumapili tarehe 24 Desemba. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili, nimekaa mkeka wa mbele kabisa, na nilichokiona nilikiona. Mchungaji mzungu alimuuliza, "Jina lako?"

"Stinga."

"Nani alikupa?"

"Bwana Pettifer. Ananiita hivyo kila siku."

Yule mchungaji akamtazama. Midomo ikaanza kumtetemeka. Akatoa kitambaa, akajifuta macho, akageukia ukutani kidogo, kisha akarudi, akamimina maji juu ya kichwa cha kaka yangu na kulitaja jina lile pamoja na jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Mama alilia. Kanisa zima tulidhani mtumishi wa Mungu ameguswa moyo. Alikuwa anacheka. Alikuwa anajua maana yake, anacheka, na maji anamimina. Nimefundisha Biblia shuleni miaka saba sasa, na kila nikifika kwenye habari za ubatizo ninamkumbuka mtu yule.

Mwaka wa 1946 Kipkemei aliachana na nguruwe akashuka Nakuru. Alipata kazi ya weita katika hoteli moja ya Wazungu. Alivaa kanzu nyeupe na mshipi mwekundu, na akaipenda kazi kwa sababu ya masikio yake: mezani alisikia Kiingereza ambacho hakikuwa kwenye kitabu chochote. Alijua kinapita kasi kuliko uwezo wake, lakini alikikusanya. Wageni walipomuuliza jina alijibu bila aibu, kama alivyobatizwa. Meza nzima zilicheka, na yeye alidhani Wazungu ni watu wachangamfu.

Huko mjini alikutana na mambo mawili mema. La kwanza ni Jepkoech, binti wa mfanyakazi wa reli, ambaye leo ni mjane wake. La pili ni Bwana Odero, karani wa reli, ambaye alikuwa amerudi kutoka vita vya Burma. Bwana Odero yuko hapa, naye ameniruhusu nisimulie siku ile.

Ilikuwa Septemba 1951. Kipkemei alikwenda kwake amwandikie kadi za kualika watu arusini. Odero akauliza aandike jina gani la bwana arusi.

"Stinga Kipkemei arap Lang'at," kaka akasema.

"Stinga ni nini? La ukoo?"

"La ubatizo. La Kizungu."

"Mimi sijawahi kulisikia. Hebu litamke vile mzungu mwenyewe alilitamka."

Kaka akanyoosha shingo, akaziba pua kama Bwana Pettifer, akaita, "Stinker!"

Odero akaiweka kalamu chini. Alikuwa ameishi miaka minne na askari Waingereza kambini na hakuna neno la kambini ambalo hakulijua.

"Ndugu yangu," akasema, "nani mwingine anakuita hivyo?"

"Kila mtu. Kanisani. Hotelini. Mchumba wangu."

"Hilo si jina. Ni neno la mtaani. Ni mtu anayenuka. Ni kama kusema mnuko, uvundo, kitu kimeoza."

Kaka alimwambia arudie, akarudia. Akamuuliza kama labda lina maana nyingine, ya utani wa marafiki. Odero akasema, "Lipo la utani, wenyewe kwa wenyewe, mtu na rafiki yake. Wewe ulikuwa rafiki yake?"

Kaka alitoka nje akatapika kando ya ukuta. Kisha akaenda kwenye mfereji wa maji ya bomba pale nyumba za reli akaanza kukoga, na nguo zake mwilini. Alijisugua kwa changarawe. Watu walikuja wakatazama. Odero akamtuma mtu amwite Jepkoech, naye alipofika alimkuta mikono inatoka damu. Hakuuliza maswali mengi. Alifunga mfereji, akamshika mikono, akasema, "Mimi nimekaa karibu na wewe miaka miwili. Sijasikia harufu yoyote. Hunuki. Twende nyumbani."

Sitasahau kwamba miaka kumi na tano watu walimcheka mtu huyu mbele ya uso wake, naye akawashukuru.

Wiki iliyofuata alirudi misheni. Mchungaji alikuwa yule yule, amezeeka kidogo. Kipkemei alimwomba jina lile lifutwe. Mchungaji akasema kwamba kilichofanywa kwa maji hakifutiki, tena asijisumbue, jina ni jina tu, Mungu anatazama moyo.

Kaka yetu akamjibu kwa upole, "Kama ni jina tu, Mchungaji, lichukue wewe ulitumie wiki moja. Mimi nitachukua la kwako."

Alifukuzwa ofisini, na arusi yake ikakataliwa katika kanisa lile. Ndiyo sababu yeye na Jepkoech walifungishwa ndoa Jumamosi tarehe 15 Desemba 1951 na Mchungaji Micah Nderitu, wa kanisa jingine mjini Nakuru, ambaye alimuuliza jina la Kikristo na akajibiwa, "Kipkemei. Hilo ndilo." Mchungaji Nderitu aliandika hivyo hivyo, wala hakucheka. Mungu amewabariki na watoto wawili, Kiptanui na Chepchirchir.

Baada ya arusi kaka alimwambia Odero, "Hivi ni wangapi kama mimi? Ni wangapi wanaitwa uchafu na wanajibu asante?" Hapo ndipo darasa lilipoanza. Walikutana Jumapili alasiri katika karakana ya seremala mmoja huko Bondeni, wakaketi juu ya mbao. Walikuja wapishi, mayaya, madereva, watunza bustani. Hapakuwa na kitabu. Kila mtu alileta neno alilolisikia wiki ile na asilolipata katika Kiingereza cha shule, akalitamka mbele ya wote, kisha Odero na Kipkemei wakalifungua: lina maana gani, nani humwambia nani, kwa sauti gani. Maana neno lile lile, kaka alisema, rafiki akikuambia ni mzaha, mwajiri akikuambia ni mate.

Nilihudhuria mara kadhaa nilipokuwa likizo, na ni lazima niseme ukweli, tulicheka pia. Kulikuwa na maneno ya ulevi peke yake. Mzungu aliye "tipsy", kaka aliwafundisha wale weita, bado unaweza kumwongeza. Aliye "blotto", mwite dereva wake. "Chap" ni jamaa, "spud" ni kiazi. "Peckish" ni njaa ndogo, na hilo alilipenda kupita yote. Alimwambia Jepkoech usiku wa kwanza alipolijua, naye Jepkoech akakimbia kuleta dawa. Lakini siku mpishi mmoja alipoleta neno "grub", na Odero akaeleza kwamba ni chakula, na pia ni funza, darasa zima lilimgeukia mpishi. Mpishi akauliza, "Kwa hiyo nikiwapikia tangu asubuhi, wanakaa mezani wanasema wanakula funza?" Odero akasema ndiyo, lakini hawana nia mbaya. Mpishi akatema mate kwenye vumbi la mbao.

Mwanafunzi aliyekuwa mwepesi kuliko wote alikuwa Wangare, yaya katika nyumba moja kule Milimani. Memsahib wake, yule bibi mwenye nyumba, alimwita "nincompoop" kila asubuhi, na Wangare alikuwa amefikiri ndiyo namna ya kusema habari ya asubuhi. Naye alikuwa akiitikia vivyo hivyo! Alipojua kwamba maana yake ni mjinga, hakulia. Alisema tu, "Kumbe nimekuwa nikimrudishia."

Halafu serikali ya kikoloni ikatangaza Hali ya Hatari, na kila mkutano wa Waafrika ukawa kosa. Jumapili tarehe 19 Aprili 1953, inspekta mzungu na askari wake waliingia karakanani. Inspekta akauliza wanafundishana nini. Kaka akasema, "Kiingereza, sir." Akaambiwa athibitishe. Kabla hajafungua mdomo, Wangare alisimama, akanyoosha mikono kama mtoto wa shule, akasema wazi, "Nincompoop."

"Nani amekufundisha neno hilo?"

"Memsahib, sir."

Askari mmoja alishindwa kujizuia akacheka. Inspekta alibadilika rangi. Alisema haya si masomo, ni kuwafundisha watumishi dharau. Darasa likafungwa pale pale. Wanaume walipigwa vitako vya bunduki, kaka akavunjwa jino la mbele. Lakini Wangare alikuwa Mkikuyu, na mwaka ule hilo lilitosha kumtia mtu hatiani. Alipandishwa lori pamoja na wengine, kwenda kuchunguzwa, kisha rizavu, eneo walilotengewa Wakikuyu. Memsahib wake alipoulizwa hakusema hata neno moja la kumtetea yaya aliyewalea watoto wake tangu kuzaliwa. Tumetuma watu wamtafute Wangare. Hadi leo hatujajua alipo. Kaka yetu alibeba jambo hilo, na si sawa kwamba alilibeba yeye. Waliostahili kulibeba wanalala vizuri.

Alibaki hotelini hadi Machi 1954. Mchana mmoja Bwana Pettifer aliingia na marafiki, akamwona kaka anabeba supu. Akainua mikono kwa furaha kabisa, "Stinker! Kumbe bado uko hai, mzee wangu!" Watu wakageuka. Waliokuwepo wanasema kaka aliweka supu mezani kwa uangalifu, kila sahani mahali pake. Kisha akasema kwa Kiingereza, polepole, ili mtu yeyote asikose kuelewa:

"Jina langu ni Kipkemei, bwana. Harufu ile ilikuwa ya nguruwe wako. Mimi nilikuwa ninaisafisha."

Bwana Pettifer alidhani ni mzaha. Alitazama huku na huku kama watu watacheka, na hawakucheka. Ndipo akasema neno ambalo sitalitamka hapa, na kaka alilielewa. Meneja akamfukuza kabla supu haijapoa. Jepkoech anasema alirudi nyumbani akaomba chai, akanywa vikombe vitatu, akalala mchana kutwa kama mtu aliyetua mzigo.

Baada ya hapo hakupata tena kazi ya kanzu nyeupe. Alibeba magunia katika ghala la nafaka, mahali ambapo vumbi la mahindi ni zito hata mtu aliye hatua chache huwezi kumwona. Kikohozi kilianza mwaka wa 1956. Mwaka jana alianza kutema damu. Juni mwaka huu alilazwa katika hospitali moja mjini Nakuru, wodi ya Waafrika, wagonjwa wawili kitanda kimoja, ndoo moja kwa wodi nzima. Mimi nimeiona ndoo ile. Nitaishia hapo.

Jepkoech alikuwa akimuuliza daktari kila siku, na kila siku aliambiwa, "Atapona, atapona, nenda nyumbani." Mwisho wa Julai nilikuwa nimeketi ukingoni mwa kitanda nikimpepea, daktari akapita na mwenzake. Alisimama miguuni pa kitanda, hakutusalimia, akasoma karatasi iliyoning'inia pale, na akasema kwa sauti ya kawaida kama anayeagiza chai, "This one's a goner." Wakaenda kitanda cha pili.

Mimi Kiingereza changu ni cha vitabu. Sikulijua neno lile. Nikamwona kaka amefumba macho, nikadhani amelala.

"Chelagat," akasema, "umesikia?"

"Nimesikia. Amesema nini?"

"Amesema mimi ni wa kwenda. Nimeshakwenda, ila bado niko hapa."

Nilisimama nimfuate yule daktari. Kaka akanishika nguo. "Kaa chini. Amesema kweli, ila amesema kama anataja gunia. Usimpotezee nguvu. Mwite Jepkoech, tafuteni gari. Sitaki kufia juu ya kitanda cha watu wawili."

Nikamuuliza kama anaogopa. Akasema, "Nimechukizwa tu. Kuogopa nitaanza tukifika nyumbani."

Kama asingelijua neno lile, tungeendelea kuambiwa atapona, na angekufa kati ya watu asiowajua, akifunikwa shuka lenye damu ya mwingine. Kwa sababu alilijua, alipata siku zake hapa. Bwana Odero alimwomba dereva wa lori la viazi, wakamlaza juu ya magunia matupu, wakampandisha taratibu hadi kwa baba yake. Alikaa nje kila asubuhi jua lilipotoka. Alikunywa mursik, maziwa yaliyogandishwa kwenye kibuyu, aliyoyakosa tangu 1946. Alizungumza na Kiptanui na Chepchirchir kwa Kipsigis tu, na mtu akichanganya Kiingereza alitikisa kichwa, anasema amestaafu.

Mzee wetu alikuja akakaa naye jioni moja. Alikuwa na jambo moyoni, akashindwa kulianza. Mwisho akasema, "Lile jina. Mimi nilifurahi."

"Tulifurahi wote, Baba," Kipkemei akamwambia. "Wewe hukujua. Yule alijua."

Alifariki Alhamisi tarehe 14 Agosti 1958, alfajiri, akiwa ameegemea bega la Jepkoech. Alikuwa na miaka thelathini na sita.

Kaka yetu ameacha baba yake, Mzee Kiplang'at arap Mosonik. Mke wake, Jepkoech. Watoto wake, Kiptanui wa miaka sita na Chepchirchir wa miaka mitatu. Mimi dada yake. Na Bwana Odero, ambaye wazee wa ukoo wamekubali ahesabiwe ndugu. Ameacha pia watu wengi wa Nakuru, wapishi na mayaya na madereva, ambao hawakupewa ruhusa ya kufika leo kwa sababu wenye nyumba wana wageni. Nao tunawataja.

Mchungaji Nderitu sasa atatuongoza katika sala. Mungu wa baba zetu ampokee Kipkemei, na ampe amani. Sisi tunaobaki amani hiyo bado hatujaiona.